Bukavu: resto mpya kando ya ziwa, lakini sambaza ziko wapi?

Watu wa Bukavu hawajaacha kula nje. Hata katika siku hizi ngumu, mara kwa mara mlango mpya unafunguliwa kando ya ziwa: nusu bistro, nusu resto, taa za rangi, viti vya mbao, na vijana wanaopiga sahani picha mbele ya kuonja. Jina la mahali mara nyingi ni la Kifaransa au Kiingereza. Menyu vilevile.

Wapo wanaosema ni aibu kula nyama na kunywa bia wakati waliohama vijiji vyao wanalala njaa. Hasira hiyo inaeleweka. Lakini resto moja inalipa mpishi, wahudumu, mlinzi, mama wa kuosha sahani, na motari anayeleta wateja usiku naye anapata chake. Mji ambamo kazi zimepotea hauwezi kudharau mishahara hiyo, hata ikiwa midogo. Kinachostahili kuulizwa ni pesa za mteja zinaenda wapi akisha kuinuka mezani.

Fungua menyu. Baga, pitsa, samaki wa barafu aliyetoka mbali, viazi vya kukaanga vya mfuko. Kahawa ni ile ya kopo: kikombe cha maji ya moto, kijiko, basi. Na hapa ni Bukavu! Arabika inalimwa Kabare, Kalehe na Idjwi, inauzwa Ulaya na Marekani kwa jina la Kivu. Kwa miaka mingi kahawa hiyo ilivushwa usiku kwa mitumbwi kwenda Rwanda, na wapo waliozama nayo. Mwenye mji anakunywa ya kopo.

Sambaza nazo ni hivyo hivyo. Samaki hawa walitolewa ziwa Tanganyika wakatiwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ni mboga ya nyumba nyingi. Wavuvi wanaondoka jioni kwa mitumbwi iliyofungwa pamoja, wanawasha taa na kukesha na wavu. Asubuhi wamama wanazipandisha sokoni kwa mabeseni. Zikikaangwa zikakauka vizuri, zikatiwa ndimu na pilipili, hakuna kinachofaa zaidi pembeni ya Primus baridi. Lakini resto mpya inaziona ni chakula cha kula umesimama, na zikiwepo kwenye menyu zimefichwa chini kabisa, pamoja na sombe.

Mwenye resto ana sababu zake, ni kweli. Umeme unakatika, jenereta inakunywa mafuta, na kuna siku ziwa halitoi kitu. Muuzaji wa Nyawera hatoi fakture. Lakini mama huyo huyo, akipewa ahadi ya kununuliwa beseni mbili kila asubuhi na kulipwa kila Jumamosi, atakuwa mlangoni mbele ya mpishi kuamka.

Halafu kuna bei. Zimeandikwa kwa dola. Katiba ya 2006, katika kipengele cha 170, inasema franka ya Kongo ni pesa ya taifa na inalipa kila mahali katika inchi. Mteja akileta franka, anahesabiwa kwa bei ya dola anayotaka mwenye resto. Akileta dola yenye mpasuko mdogo kama ukucha, anarudishiwa. Na tangu vita viingie mjini Februari 2025, benki zikafunga milango, noti zimekuwa haba, na anayetoa pesa kwenye simu anakatwa mbele hata ya kufika mezani. Baba anayewapeleka watoto siku ya komunyo anasoma bei kwanza, majina ya chakula baadaye. Fanta moja inagawanywa kwa watoto wawili, na mama anasema yeye alishiba nyumbani.

Watu kama hao ndio wengi Ibanda, Kadutu na Bagira, na ndio watakaorudi wageni wenye dola wakiondoka. Anayejiandaa kufungua mwezi ujao aanze na bei kwa franka ukutani, na sambaza na bugali kwenye mstari wa kwanza wa menyu. Kahawa ya Kalehe ikikosekana siku hiyo, mhudumu aseme tu imekosekana, na kopo libaki jikoni.