Mwalimu Haivi kwa Kupanda Ndege

Kuna imani iliyokita mizizi kwenye ofisi za elimu, kwenye vyumba vya walimu na hata majumbani: kwamba mwalimu, na mkuu wa shule zaidi, hajaiva mpaka avuke mpaka wa nchi. Aliyekwenda Nairobi, Kigali au Beijing akarudi na cheti anaitwa mtaalamu. Aliyefundisha hesabu Tchenzema miaka mingi bila kutoka wilaya ya Mvomero, mkoani Morogoro, anabaki kuwa mwalimu wa kawaida, na hakuna anayemuuliza anachokijua. Imani hii inatugharimu, na wanaolipa ni watoto.

Tunajua mambo yanavyokwenda. Mwaliko unafika, nafasi ni chache, majina yanaanzia juu. Anakwenda afisa ambaye hajashika chaki kwa miaka, anakwenda mkuu wa shule ambaye vipindi vyake hufundishwa na wengine. Wanakaa hotelini siku kadhaa, wanapiga picha ya pamoja, wanarudi. Mrejesho unatolewa kwa nusu saa mwisho wa kikao, walimu wakiwa wameshachoka na wengine wakitazama mawingu juu ya mlima, kwa sababu bodaboda hazipandi milima ya Mgeta mvua ikinyesha. Kabrasha linaingia kabatini. Siwalaumu waliokwenda, wala sioni vibaya wao kupata posho, maana hali ya walimu wetu tunaijua. Ninachokipinga ni kuamini kwamba safari ile imebadilisha chochote katika darasa lililobaki nyuma.

Morogoro ingepaswa kuwa ya kwanza kuikataa imani hii. Mwaka 1977 serikali yetu iliwapa wapigania uhuru wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, shamba la zamani la mkonge pale Mazimbu. Mwaka uliofuata wakaanzisha shule, ambayo baadaye ilipewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu Aprili 1979. Waafrika Kusini waliokuwa uhamishoni walifundisha bega kwa bega na walimu wa kujitolea kutoka Skandinavia, Uholanzi, Ujerumani Mashariki na kwingineko. Hao hawakuja kuhudhuria semina. Walikuja kuishi, wakapewa vipindi, wakasahihisha madaftari, wakabishana usiku juu ya namna ya kufundisha historia kwa watoto ambao utawala wa kibaguzi ulikuwa umewanyima elimu ya maana. Mwaka 1992 majengo yalikabidhiwa kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Ukitaka mfano wa walimu waliojifunza kwa kuvuka mipaka, uko kilomita chache kutoka katikati ya mji. Ulifanya kazi kwa sababu aliyevuka mpaka aliingia darasani na kukaa.

Tazama pia walichofanya jirani zetu. Mwaka 1998 Kenya, ikisaidiwa na Japani kupitia shirika lake la misaada, JICA, ilianza mradi wa SMASSE wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi katika shule za sekondari, ukianzia wilaya 9. Kutoka huko kikazaliwa kituo cha CEMASTEA, Nairobi, ambako walimu wa nchi nyingi za Afrika wamepata mafunzo. Watu wakisikia hayo wanakimbilia kuomba nafasi ya kwenda Nairobi. Wangeuliza kwanza kinachofundishwa pale. Nguzo mojawapo ya SMASSE ni kubuni zana kwa vitu vinavyopatikana hapo ulipo. Na Wajapani wenyewe wana desturi ya zaidi ya miaka 100: walimu wa shule moja huandaa somo pamoja, mmoja akalifundisha, wenzake wakakaa darasani wakiwatazama wanafunzi, kisha wakalichambua na kulirekebisha. Desturi hiyo haihitaji pasipoti. Inahitaji mwalimu akubali kutazamwa na mwenzake, na hilo ndilo tunalolikwepa kwa kwenda mbali.

Chukua mada ya mteremko wa mstari katika hesabu za sekondari. Mtoto wa Mgeta amebeba viazi na kabichi kutoka shambani hadi soko la Nyandira tangu akiwa mdogo. Mteremko anaujua kwa magoti yake. Kisha anaingia darasani anaandikiwa kanuni ubaoni, anaikariri, mtihani unamwangusha. Sasa walimu watatu wa hesabu watoke na darasa hilo mpaka kwenye ngazi za shamba nyuma ya shule. Wachukue kamba, fito mbili na chupa ya maji iliyojaa nusu ya kupimia usawa. Wanafunzi wapime urefu wa kamba iliyolala, wapime kimo chake juu ya ardhi upande wa chini, wagawanye kimo kwa urefu. Mwalimu mmoja afundishe. Wa pili aandike ni nani aliyegawanya kinyume na kwa nini. Wa tatu asikilize makundi yanavyobishana. Jioni wakae nusu saa na madaftari yale. Hakuna mwezeshaji wa hotelini atakayewapa walimu hao kitu kinacholingana na walichokiona siku hiyo.

Milima hii ya Uluguru ina somo lingine, na wazee bado wanalisimulia. Katika miaka ya 1950 wakoloni walileta mpango wa kuhifadhi udongo wa Uluguru, wakawalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi. Utaalamu ulitoka nje, na kwenye karatasi ulionekana safi. Upande wa Matombo udongo haukuufaa. Matuta yalifukua udongo usio na rutuba na mazao yakadhoofu. Wakulima walisema, hawakusikilizwa. Mwaka 1955 zikazuka ghasia na mpango ukaachwa. Mtaalamu hakuwa mjinga. Alidhani tu kwamba aliyezaliwa pale hana la kumfundisha, na ndivyo tunavyowatendea walimu wetu leo kwa mikono yetu wenyewe.

Nitajibiwa kwamba tembea uone, na kwamba mwalimu aliyejifungia kijijini hudumaa. Ni kweli, na mimi sitaki mipaka ifungwe. Mtaala wetu mpya ulianza Januari 2024, pamoja na mkondo wa amali. Kenya walianza mtaala wao mpya kote nchini mwaka 2019, na wameshapitia malalamiko ya wazazi juu ya gharama za vifaa na uchovu wa walimu kujaza fomu za upimaji. Mwalimu wa Kenya aliyeyapitia hayo ana mengi ya kumwambia mwenzake wa Kinole, tena wakazungumza Kiswahili bila mkalimani. Lakini hayo huulizwa na mwalimu kwa mwalimu, daftari la mwanafunzi likiwa mezani, na afisa aliyetumwa hawezi kuyauliza kwa niaba yao.

Utaratibu wa kuanzia tunao. Mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, yanataka walimu wakutane shuleni kwao na kwenye vituo vya walimu. Mkuu wa shule anayetaka kuitwa kiongozi alinde saa hiyo kwenye ratiba, isiliwe na vikao vya michango, na yeye mwenyewe afundishe kipindi huku walimu wake wakimtazama. Halmashauri iwape walimu nauli ya kutembeleana kati ya kata na kata kabla haijafikiria tiketi ya ndege. Mwaliko ujao wa nje ukifika, jina la kwanza liwe la anayeshika chaki, naye aende kukaa muhula mzima katika shule ya huko, akifundisha. Na mwenyeji wake aje Mgeta muhula unaofuata, apewe chumba, blanketi zito na vipindi vyake.