Masomo ya chuo yaanze kuhesabiwa sekondari

Kila mwaka, mtihani wa kidato cha nne unapokwisha mwezi wa Novemba, vijana wa Mkomani pamoja na wenzao wa Kongowea na Kisauni huanza kungoja. Hungoja matokeo, kisha hungoja nafasi za vyuo, na waliobahatika huitwa mwezi wa Agosti au Septemba wa mwaka unaofuata. Katika miaka ya tisini hali ilikuwa mbaya zaidi, kwani wengi walingoja karibu miaka miwili. Muda huo hauingii katika hesabu ya masomo yao, hata kwa wale ambao hawakuketi bure.

Namfahamu binti mmoja wa mtaa huu ambaye hakuketi bure. Tangu akiwa kidato cha tatu alitumia likizo zake kujifunza kompyuta katika chuo kidogo, mamake akimlipia karo kwa faida ya mahamri na mbaazi. Alifuzu vyema. Alipoingia chuo kikuu alikuta somo la misingi ya kompyuta miongoni mwa masomo ya lazima ya mwaka wa kwanza. Aliuliza kama cheti chake kingeweza kuhesabiwa, akajibiwa kwamba hakuna utaratibu wa namna hiyo. Basi akaketi darasani muhula mzima akifundishwa kuwasha mashine ambayo alikuwa akiwafundisha wadogo zake, na mamake akalipa mara ya pili.

Ninalopendekeza ni rahisi kueleza. Mwanafunzi wa sekondari aliye na uwezo aruhusiwe kusoma somo moja au mawili ya mwaka wa kwanza wa chuo, afanye mtihani ule ule wanaofanya wanafunzi wa chuo, na akifaulu apewe hesabu ya somo hilo, yaani krediti kama vyuo vinavyoiita. Atakapojiunga na chuo asilirudie wala asililipie tena.

Jambo hili si geni duniani. Nchini Marekani, mpango uitwao Advanced Placement umekuwepo tangu mwaka wa 1955. Mwanafunzi wa sekondari husoma somo la kiwango cha chuo, hutahiniwa mwezi wa Mei na kupewa alama kati ya 1 na 5, na vyuo vingi humhesabia somo hilo akipata 3 au zaidi. Wala halihitaji kutafutwa ng'ambo. Hapa hapa Mkomani, ambapo majumba ya Nyali yanapakana na vyumba vya kupanga, mtoto wa tajiri anayesoma mtaala wa Uingereza akipata alama nzuri katika mtihani wa A-level huweza kuhesabiwa masomo ya mwaka wa kwanza na vyuo vingi vya Marekani. Mtoto wa mwuza mahamri, ambaye ndiye hasa anayehitaji kupunguziwa muhula wa karo, hana mlango kama huo katika nchi yake mwenyewe.

Wapo walimu, tena ninaowaheshimu, watakaosema kwamba masomo ya chuo ni ya chuo na ya shule ni ya shule. Ningewaomba wakumbuke historia ya mpaka huo. Katika miaka ya hamsini, kijana aliyefaulu mtihani wa Cambridge na kwenda Makerere alisoma kwanza masomo ya utangulizi kwa miaka miwili kule kule chuoni kabla ya kuanza shahada. Baadaye kazi hiyo ilirudishwa shuleni, ikawa kidato cha tano na cha sita, na shahada ikawa ya miaka mitatu. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka wa 1985 ukaviondoa vidato hivyo, na kundi lake la kwanza lilipoingia chuo kikuu mwaka wa 1990 shahada ilikuwa imerefushwa hadi miaka minne. Sasa mfumo mpya wa 2-6-3-3-3 unaipangia elimu ya juu miaka mitatu tena. Mpaka umesogezwa mara tatu kwa kalamu za serikali, na kila mara wanafunzi wote wakavukishwa kwa pamoja. Ikiwa nchi nzima yaweza kuvukishwa, sioni dhambi gani itakayotendeka mwanafunzi mmoja aliye tayari akivuka mapema kwa somo moja.

Sheria nayo haikatazi. Sheria ya mwaka wa 2014 iliyoanzisha mamlaka ya KNQA ilikusudia Mkenya aweze kupanda kutoka ngazi moja ya masomo hadi nyingine bila kuyapoteza aliyokwisha kuyapata. Kinachokosekana ni mtu wa kuufungua mlango huo upande wa sekondari.

Kwetu sisi wa bara ya kaskazini mahali pa kuanzia pako karibu, yaani ng'ambo ya daraja la Nyali. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, kilianza kama taasisi ya elimu ya Waislamu iliyojulikana kama MIOME, kikawa chuo cha ufundi, kisha politekniki mwaka wa 1972, na kikapata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka wa 2013. Chuo kilichopanda ngazi zote hizo, na ambacho hadi leo hutoa vyeti, stashahada na shahada, kinajua vizuri kuliko vingine maana ya kujenga juu ya msingi uliokwisha kuwekwa. Madarasa ya Jumamosi na ya likizo yangetosha kwa mwanzo.

Hata hivyo nina hofu zangu. Ya kwanza ni ulanguzi. Tunawajua watu wetu: siku ya pili baada ya mpango kutangazwa, kila ghorofa lenye vyumba viwili litatundika bango la kuuza krediti. Kwa hiyo mtihani uwe wa chuo kikuu chenyewe, na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ihakikishe kwamba somo lililopitwa Tudor linakubaliwa Kilifi na Nairobi. Bila hivyo tutakuwa tumewauzia watoto karatasi tu. Ya pili ni karo. Ikiwa mzazi ndiye atakayelipa, watakaonufaika ni wale wale wa majumba makubwa, na afadhali basi mpango usianze. Hazina ya basari ya kaunti ndiyo iwajibike. Tena mwanafunzi anayeyumba katika masomo yake ya shule asiguswe na mambo haya, hata mzazi wake akipiga kelele.

Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walianza Januari 2026, na watamaliza shule ya upili mwaka wa 2028. Mtihani wa mwisho wa KCSE chini ya 8-4-4 utafanywa mwaka wa 2027. Kabla ya vijana hao kubisha hodi, vyuo vikuu vitalazimika kuiandika upya mitaala yao ili itoshe katika miaka mitatu. Kalamu itakapokuwa mkononi kwa shughuli hiyo, kifungu kimoja kiongezwe kinachotaja masomo yaliyopitwa kabla ya kujiunga, na kusema yatahesabiwaje na nani.