Utafiti Usomwe Kabla ya Kisu: Suala la Upasuaji wa Sauti

Sauti ya mtu humtambulisha kabla hajaonekana. Muuzaji aitapo wateja katika soko la Musoma, msikilizaji huamua papo hapo kama anenaye ni mwanamume au mwanamke. Kwa wengi wetu jambo hilo halina uzito. Lakini kwa wanawake waliobadili jinsia, yaani watu waliohesabiwa kuwa wanaume walipozaliwa nao wakaishi kama wanawake, sauti nzito yaweza kuwa chanzo cha dhihaka na hata cha hatari. Ndiyo sababu baadhi yao hutafuta upasuaji wa kuipandisha. Rai yetu ni kwamba mtu wa namna hiyo, awe Musoma, Bunda au Butiama, anastahili kuelezwa utafiti wote uliopo kabla hajaamua, na kwamba wajibu wa kumweleza ni wa waganga wetu.

Yafaa kwanza tufahamu jambo lenyewe. Ndani ya kikoromeo mna nyuzi mbili za sauti, ambazo hutetemeka hewa ipitapo. Kwa wanaume watu wazima hutetemeka kiasi cha mara 100 hadi 130 kwa sekunde, na kwa wanawake kiasi cha mara 180 hadi 220. Mvulana abalehepo, homoni ya kiume huzirefusha na kuzinenepesha nyuzi hizo, na homoni ya kike itumiwayo baadaye haizirudishi zilivyokuwa. Hivyo husalia njia mbili: mazoezi ya sauti chini ya mtaalamu, au kisu.

Mpigaji wa litungu la Wakuria anaijua kanuni ya kisu hicho bila kufundishwa na daktari: uzi ukikazwa sauti hupanda, na uzi ukiwa mfupi sauti hupanda pia. Mwaka 1974 daktari Isshiki wa Japani alieleza upasuaji wa gegedu za kikoromeo, na miongoni mwa njia zake imo ile ya kuzisogeza gegedu mbili zikaribiane ili nyuzi zikazwe. Mwaka 1990 Wendler wa Ujerumani alieleza njia ya pili, ambayo ni kuondoa ngozi laini ya sehemu ya mbele ya nyuzi na kuzishona pamoja, ili sehemu itetemekayo iwe fupi.

Je, njia hizo zafaa? Tafiti nyingi zaonyesha kwamba sauti hupanda. Lakini zaonyesha pia kwamba kwa njia ya kukaza, nyuzi huweza kulegea tena na faida ikapungua kadiri miaka ipitavyo. Kwa njia ya kufupisha, mgonjwa huweza kupoteza nguvu ya sauti, kukwaruza, au kupungukiwa na upana kati ya sauti yake ya juu na ya chini. Tathmini zilizojumlisha tafiti hizo zimerudia lawama zile zile: wagonjwa ni wachache, hakuna kundi la kulinganishia, na ufuatiliaji ni wa muda mfupi. Asomaye muhtasari peke yake, au tangazo la hospitali ya ng'ambo, hupata habari ya kupanda kwa sauti tu. Mambo mengine yamo ndani ya makala kamili, na muuza sokoni aishiye kwa kupaza sauti ndiye ayahitajiye zaidi.

Kuzipata makala hizo kwahitaji maarifa. Orodha ya PubMed, iliyofunguliwa kwa umma bila malipo mwaka 1997, huonyesha muhtasari. Mpango wa HINARI, ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, huziwezesha taasisi za nchi kama yetu kusoma majarida bila malipo au kwa malipo madogo. Mtafutaji akumbuke kwamba majina hubadilika. Makala za zamani ziliiorodhesha hali hii miongoni mwa maradhi ya akili, ambapo orodha ya magonjwa ya Shirika hilo iliyopitishwa mwaka 2019 imeitoa humo. Anayetumia neno moja tu atapata nusu ya yaliyoandikwa. Majina ya Isshiki na Wendler ni funguo bora, kwa kuwa hayakubadilika.

Lipo pia swali ambalo watu wa Mara tungeweza kuliuliza vizuri kuliko wengine. Kijita na Kikuria ni lugha za toni. Katika Kikuria, mahali toni ya juu inapoanzia ndani ya kitenzi huweza kutofautisha nyakati. Mtu aliyepungukiwa na upana wa sauti atazisemaje lugha hizi? Madaktari wa Thailand, ambao lugha yao nayo ni ya toni, walichapisha njia yao ya upasuaji mwaka 2000. Lakini toni za Kibantu hazifanyi kazi kama zile za Kithai. Hapo wanaisimu na waganga wetu wana kazi ya kufanya pamoja.

Yupo atakayesema kwamba hospitali zetu zimelemewa na malaria na uzazi, na kwamba jambo hili ni la wachache wasiokubalika. Jibu ni kwamba kusoma hakuhitaji chumba cha upasuaji. Aidha, makala hizo hizo humfaa mwanamke yeyote ambaye sauti yake imezama kwa sababu ya dawa zenye nguvu ya homoni ya kiume. Ama mijadala ya sheria na desturi, mganga hahitaji kuimaliza kwanza ndipo aeleze ukweli na kutunza siri. Mgonjwa aliyefukuzwa kwa kicheko atakwenda kwa mwenye tangazo, na kovu lake atarudi nalo kwetu.

Tena Mara si ngeni kwa utafiti. Kati ya 1977 na 1982 watoto wa Mara Kaskazini walipewa klorokwini ili ijulikane kama kupunguza malaria kungepunguza saratani ya Burkitt. Matokeo yalichapishwa mwaka 1989, kwa Kiingereza, katika jarida la Marekani. Elimu iliyotoka kwetu ilikwenda mbali, na njia ya kuirudisha ikawa nyembamba.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba hospitali ya rufaa ya mkoa iliyopo Musoma iwe na mtumishi mmoja aliyefunzwa kutafuta makala za tiba, ambaye waganga wa Bunda na Butiama wataweza kumpelekea maswali yao na kupata muhtasari wa Kiswahili, wenye faida na madhara sawia. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliwatafsiria wananchi tamthilia mbili za Shakespeare mwaka 1963 na 1969. Lugha iliyoyabeba mawazo hayo haitashindwa kumweleza mgonjwa yatakayoipata sauti yake.