Si jini, si chanjo: mwacheni mama wa mtoto mwenye usonji



Tuna mtindo mmoja wanawake, haunipendezi hata kidogo. Mtoto akichelewa kusema, au hamtazami mtu usoni, lawama zote ni za mama. Mara alipita penye majini magharibi. Na siku hizi limezuka jipya: eti alimpeleka kuchanjwa surua.

Jamani! Uvumi huo wa chanjo ulivumishwa Uingereza mwaka 1998 na daktari Andrew Wakefield. Mwaka 2010 jarida la Lancet liliifuta makala yake, na yeye akafutiwa udaktari.

Ajabu ni kuwa chanjo hiyohiyo ya surua inakuja pamoja na ya rubela, na rubela ndiyo iliyohusishwa na usonji. Wewe utaona vipele na homa ndogo tu, lakini mimba ikiwa changa, kirusi kinamfikia mtoto tumboni. Mwaka 1964 na 1965 rubela ilienea Marekani, wakazaliwa watoto kama 20,000 walioathirika: viziwi, wenye mtoto wa jicho, wagonjwa wa moyo. Mjini New York, Dokta Stella Chess alichunguza watoto 243 miongoni mwao, akakuta 18 wana usonji au baadhi ya dalili zake. Ni wengi mno kuliko kawaida.

Sisemi kila usonji ni rubela. Mara nyingi unatokana na kurithi. Ninalosema ni kuwa mama hakuuita.

Mimi nashona nguo za maharusi, najua pesa zinakokwenda. Singo ipo, hina ipo, gauni la kubadilisha lipo. Nani kamuuliza bibi harusi kama kachanjwa rubela? Kwetu Tanzania chanjo hii ilianza mwaka 2014 kwa watoto. Aliyekwisha kuwa mkubwa wakati ule huenda hakuipata.

Basi masomo na makungwi, liongezeni hili kwenye mafunzo yenu. Bibi harusi aende kituo cha afya aulize, kabla ya ndoa. Akichanjwa, asubiri angalau mwezi mmoja ndipo abebe mimba. Mwenye mimba tayari hachanjwi. Yeye akae mbali na mwenye vipele.

Tawakkul si kukaa tu. Dini yetu imetuamrisha tujitibu na tujikinge.

Na yule mama mwenye mtoto wake, mpelekeeni chakula na dua. Maneno anayo ya kutosha.