Maelezo ya waifai yaandikwe kwa Kiswahili

Wahenga walisema kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka. Methali hiyo ilinijia akilini hivi majuzi nilipomtembelea dada yangu mjini Voi. Nilimkuta mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo kikuu, ameketi barazani na tarakilishi mapajani, jua la nyika likimwakia usoni. Nilipomuuliza kwa nini asisomee chumbani mwake, alinijibu: "Mjomba, huko ndani waifai haifiki. Nikiingia tu, somo linakatika."

Dada yangu, mwalimu mstaafu, alikuwa amekwisha kulalamika kwa kampuni iliyomwekea huduma hiyo. Jibu alilopewa kwa simu lilikuwa fupi: anunue kifurushi kikubwa zaidi. Akanunua. Kwa muda wa miezi minne alitoa katika pensheni yake karibu mara mbili ya fedha alizokuwa akilipa awali, na mwanawe akaendelea kuchomwa na jua.

Niliomba nionyeshwe ruta yenyewe, yaani kile kisanduku kinachosambaza waifai nyumbani. Ilikuwa katika pembe ya mwisho ya sebule, ndani ya kabati, nyuma ya televisheni, nayo imefunikwa kwa kitambaa kizuri cha kufuma. Fundi aliiweka hapo kwa sababu waya wake ulikomea hapo. Tulinunua waya mrefu zaidi dukani, tukaihamishia ruta kwenye rafu ya ukumbini, katikati ya nyumba, juu kidogo ya kichwa cha mtu. Jioni hiyo mpwa wangu alisomea chumbani mwake. Mwezi uliofuata dada yangu alirudia kifurushi chake cha zamani.

Msomaji asidhani kwamba mimi ni mhandisi. Kazi yangu ni kufundisha isimu. Niliyoyafanya yote yameelezwa katika kijitabu kilichomo ndani ya boksi la ruta, kwa Kiingereza cha kitaalamu na kwa herufi ndogo mno. "Hata mimi niliyefundisha kwa Kiingereza miaka thelathini," dada yangu aliniambia, "nilikisoma mara mbili nikakirudisha." Ikiwa mwalimu ameshindwa, mwenye duka la Mwatate au mkulima wa Taveta atafanyaje?

Na jambo lenyewe si gumu likielezwa kwa lugha inayoeleweka. Ruta ni redio ndogo. Mawimbi yake husambaa pande zote, nayo hudhoofika kadiri yanavyokwenda mbali na kadiri yanavyopenya kuta. Mbao huyapunguza kidogo. Ukuta wa mawe au wa saruji huyapunguza sana. Madini huyarudisha yalikotoka, na kwa hiyo kabati la chuma, friji, kioo kikubwa cha kujitazamia na ukuta wa mabati ni maadui wake. Maji huyameza, kwa hiyo isiwekwe karibu na pipa wala tangi. Jiko la maikrowevu nalo hutumia mawimbi ya aina iyo hiyo, na likiwashwa huweza kuvuruga mawasiliano.

Basi ruta iwekwe katikati ya nyumba, mahali pa juu na pa wazi. Ikiwa na antena za nje, zisimamishwe wima, maana antena iliyo wima hueneza mawimbi yake zaidi kwa ubavuni kuliko juu na chini. Isifunikwe kitambaa, kwani katika joto la Voi kifaa kisichopata hewa huchemka na utendaji wake hudorora. Aghalabu ruta za siku hizi hutoa mawimbi ya namna mbili. Yale ya gigahezi 2.4 hufika mbali zaidi na hupenya kuta vizuri zaidi. Yale ya gigahezi 5 ni ya kasi zaidi, lakini huchoka mapema. Aliye chumba cha mbali na achague ya kwanza, na aliye karibu achague ya pili.

Hapa sina budi kutofautisha, kwa kuwa Taita Taveta ni nchi ya nyika na milima. Niliyoyasema yanahusu ruta iliyounganishwa kwa waya. Iko nyingine inayotumia kadi ya simu, ambayo yenyewe hutegemea mnara ulio nje. Hii haifai kuanzia katikati ya nyumba. Ipelekwe dirisha hadi dirisha, ipewe dakika chache kila mahali, hadi taa zake zionyeshe kwamba inaupata mnara vyema. Mlima Vuria una minara kileleni, na ndio mrefu kuliko yote ya Taita. Lakini aishiye bondeni nyuma ya mgongo wa kilima huweza kuikosa huduma ambayo jirani yake wa ng'ambo anaipata. Kwa mtu huyo, dirisha moja linaweza kuwa na thamani kuliko kifurushi.

Na kabla ya mtu kuongeza malipo, na afanye jaribio moja lisilogharimu hata senti. Asimame karibu na ruta, kisha apime kasi kwa simu yake. Akiiona ni dhaifu hata hapo, kasoro huenda iko nje ya nyumba au katika kifurushi, na ana haki ya kuiuliza kampuni. Akiiona ni nzuri hapo lakini mbovu chumbani, kasoro imo ndani ya nyumba, na kuongeza kifurushi hakutaiondoa.

Mwaka wa 2009 nyaya za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa kupitia chini ya bahari. Ule wa TEAMS ulitoka Fujairah katika Falme za Kiarabu. Hebu tuwaze: ujumbe unasafiri maelfu ya kilomita baharini, unapanda bara hadi Voi, kisha unakata roho katika mita sita za mwisho, baina ya kabati na kitanda, kwa kukosa karatasi moja ya maelezo.

Karatasi hiyo si hisani. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, katika Kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha rasmi mbili. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu bidhaa au huduma aliyoilipia. Vifungu hivyo viwili vikisomwa pamoja, maana yake kwangu ni dhahiri: habari isiyoeleweka haijatolewa. Kampuni hizi hututangazia bei zao kwa Kiswahili kitamu wanapotaka fedha zetu. Mbona Kiswahili hicho hukauka pindi tunapokwisha kulipa?

Hata hivyo, lawama si ya wafanyabiashara peke yao. Sisi wanaisimu tumejadiliana mara nyingi kama kifaa hiki kiitwe ruta au kipanga njia. Mjadala huo una nafasi yake, lakini istilahi isiyotumika katika maelezo yoyote haimfai mtu aliye barazani juani. Nakiri kwamba nami nimo katika kosa hilo.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Mosi, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya izitake kampuni zote zitie ndani ya kila boksi ukurasa mmoja wa Kiswahili sanifu, wenye michoro, unaoeleza mahali pa kuiweka ruta na namna ya kufanya jaribio nililolitaja. Pili, idara za Kiswahili katika vyuo vyetu zijitolee kuuandika ukurasa huo pamoja na wahandisi.

Wakati tukisubiri, msomaji na aamke akaitazame ruta yake iko wapi. Asiyejua na aulize, kwani kuuliza si ujinga. Na fundi atakapokuja, asiruhusiwe kuondoka kabla ya kuulizwa, kwa Kiswahili: "Ndugu fundi, umeiweka hapa kwa faida yangu, au kwa sababu waya wako umeishia hapa?"