Tuwafundishe Watoto Kusahihishana

Katika miji yetu ya Shinyanga, Kahama na Geita liko jambo ambalo wazazi wengi huliona wanapofungua daftari la mtoto, lakini hatulizungumzi vya kutosha. Insha imeandikwa kurasa mbili, tarehe ipo, na kichwa cha habari kimepigiwa mstari, bali wino mwekundu wa mwalimu haupo. Au upo, nao ni alama moja ya vema chini ya ukurasa, isiyomwambia mtoto amepatia wapi na amekosea wapi.

Aghalabu mzazi hukasirika na kusema kwamba walimu wa siku hizi ni wavivu. Kabla ya kutoa hukumu hiyo, yafaa tupige hesabu. Tuchukue mfano wa darasa la wanafunzi 60, na tuseme mwalimu anahitaji dakika 8 kuisoma insha moja na kuiandikia maelezo. Hizo ni dakika 480, yaani saa 8 kamili. Mwalimu wa lugha akiwa na mikondo mitatu ya namna hiyo, ni saa 24 kwa zoezi moja tu, mbali na kuandaa masomo, kusimamia zamu na kutunza familia yake. Hapana mtu awezaye kuifanya kazi hiyo kila juma.

Na madarasa hayo yamejaa kwa sababu njema. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 ulileta shule katika kata nyingi. Mwezi Januari 2016 ada iliondolewa hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaondolewa kwa kidato cha tano na cha sita katika shule za serikali. Watoto ambao zamani wangebaki kuchunga ng'ombe au kuuza karanga stendi sasa wamo darasani. Hayo ni mafanikio, lakini mikono ya mwalimu imebaki miwili ile ile.

Mwenzako ndiye kioo

Njia moja ya kumsaidia mwalimu na mtoto kwa pamoja ni kuwafundisha wanafunzi kusomeana na kusahihishana kazi zao. Kila mwanafunzi huandika insha yake. Kisha wenzake wawili au watatu huisoma kwa kufuata mwongozo alioutoa mwalimu, huandika maoni yao, na mwenye insha huiandika upya kabla ya kuipeleka kwa mwalimu. Mwalimu husoma kazi iliyokwisha kuchujwa, naye huwa na nafasi ya kushughulikia makosa makubwa yaliyowashinda wanafunzi.

Wazee wetu walisema nyani haoni kundule. Mwandishi wa insha hajui kwamba aya yake ya pili haieleweki, kwa kuwa yeye mwenyewe anajua alichokusudia. Msomaji wa kwanza atakayekwama ndiye atakayemfunulia. Tena faida haiko upande mmoja. Mtoto anayetafuta kosa katika kazi ya mwenzake hulazimika kuijua kanuni yenyewe, na kesho akishika kalamu yake ataikumbuka.

Jambo hili si geni kwa watu wa Usukumani. Kila familia iliyolima pamba inajua kazi ya kuchambua, safi kando na fifi kando, kabla mzigo haujafika kwenye mizani. Mtoto hujifunza kazi hiyo kwa kukaa karibu na mkubwa, akaona kwa nini kitita hiki kimekataliwa na kile kimekubaliwa. Vivyo hivyo katika mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, watazamaji ndio huamua kwa miguu yao, wakihamia upande unaowavutia. Mchezaji hajipi ushindi mwenyewe.

Duniani nako mawazo haya yana umri mkubwa. Mwaka 1798 Joseph Lancaster alifungua shule London ambamo wanafunzi waliotangulia waliwafundisha na kuwapima wenzao, kwa sababu watoto walikuwa wengi na mwalimu mmoja. Mwaka 1998 mtaalamu Keith Topping wa Uskoti alichapisha mapitio ya tafiti nyingi za vyuo vikuu, akaonyesha kuwa katika uandishi maoni ya wanafunzi wenzi yaliweza kuleta manufaa sawa na ya mwalimu, na pengine kuyazidi. Wanafunzi wa chuo si watoto wa kidato cha pili, kwa hiyo sisi tunapaswa kwenda kwa uangalifu; lakini njia imekwisha kupitiwa.

Hapa nchini, waraka wa Mwalimu Nyerere wa Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, ulitaka shule ijenge akili ya kudadisi, na uwezo wa kujifunza kutokana na yale wayafanyayo wengine, kwa kuyakataa au kuyarekebisha yafae. Azimio la Musoma la mwaka 1974 nalo lilisisitiza kwamba mwanafunzi asipimwe kwa mtihani wa mwisho pekee, bali kwa kazi zake za siku kwa siku. Kusahihishana ni tawi la mti huo huo.

Mtandao unaongeza nini?

Siku hizi vimekuja vyombo vya kufanyia kazi hii kwa njia ya intaneti. Kimojawapo ni Google Docs, kilichoanza mwaka 2006, ambamo watu kadhaa huweza kufungua hati moja, kila mmoja kwenye kompyuta yake. Msomaji huandika maoni pembeni bila kuyagusa maneno ya mwenye kazi, au hupendekeza badiliko ambalo mwenye kazi hulikubali au kulikataa. Zaidi ya hayo, hati huhifadhi kumbukumbu ya kila hatua. Mwalimu akitaka kujua nani aliandika aya ipi na lini, anaweza kuangalia. Mwanafunzi aliyenakili usiku wa mwisho hana pa kujificha.

Chombo kingine ni Moodle, kilichotolewa mwaka 2002 na Martin Dougiamas wa Australia, nacho hupatikana bila malipo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ni miongoni mwa vyuo vyetu vinavyokitumia. Ndani yake mna sehemu maalumu ya kusahihishana. Mwalimu huweka mwongozo wa alama. Chombo hugawa kazi kwa wasahihishaji, na mwalimu akipenda majina huweza kufichwa. Jambo la kupendeza ni kwamba mwanafunzi hupata alama mbili, ya kwanza kwa kazi aliyoiandika, na ya pili kwa jinsi alivyosahihisha kazi za wenziwe. Anayempa rafiki yake alama za bure hugundulika, kwa maana hukumu yake hulinganishwa na za wengine waliosoma kazi ile ile.

Vikwazo vya kwetu

Hata hivyo, tusijidanganye. Shule nyingi haziruhusu mwanafunzi kuja na simu, wala hatuoni sababu ya kulivunja katazo hilo kwa jambo hili. Bando la intaneti lina bei, na umeme hukatika. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa Korona, nyumba zenye simu kubwa na fedha ya bando ziliweza kuendelea kusoma kwa kiasi fulani, na zisizo nayo zilingoja mpaka shule zilipofunguliwa tena mwezi Juni. Chombo kinachomsaidia mtoto wa meneja na kumwacha mtoto wa kibarua hakitajenga darasa, kitaligawa.

Iko njia ya katikati. Moodle haihitaji intaneti ya nje ili ifanye kazi. Inaweza kuwekwa katika kompyuta ndogo iitwayo Raspberry Pi, ambayo ukubwa wake wakaribia kadi ya benki, nayo ikatoa mtandao wa ndani kwa kompyuta za maabara ya shule peke yake. Hapo hapana bando. Na shule isiyokuwa na maabara isingoje. Kalamu ya risasi, karatasi na mwongozo wa maswali matatu vyatosha kuanza wiki hii: Hoja kuu ya mwenzako ni ipi? Ni wapi ametoa mfano, na ni wapi hakutoa? Ni sentensi ipi ambayo hukuielewa? Atakayeizoea kazi hii kwenye karatasi hatapotea atakapoikuta kwenye kompyuta.

Kikwazo kikubwa kuliko vyote ni ulimi. Mtoto akiandikiwa "insha yako mbovu," hakufundishwa lolote, ametukanwa tu. Lakini tuseme ameandika juu ya uchenjuaji wa dhahabu, na mwenzake akamwandikia: "Katika aya ya pili umesema zebaki ina madhara, ila hukueleza inaingiaje mwilini." Mwandishi atakwenda kutafuta, ataandika kwamba zebaki inapochomwa hutoa mvuke, kwamba mvuke huo huvutwa kwa pumzi na kudhuru mishipa ya fahamu. Insha imepata nguvu, na huenda mtoto huyo amepata neno la kumwambia kaka yake jioni.

Mtoto wa machimboni

Katika ukanda wetu wa dhahabu jambo hili lina uzito wa pekee. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya watoto wanaofanya kazi katika machimbo madogo ya dhahabu, na Geita na Shinyanga ni miongoni mwa mikoa iliyochunguzwa. Watoto waliingia mashimoni, walibeba mawe na kushika zebaki, na wengine waliacha masomo. Mtoto haachi shule kwa siku moja. Hukosa Jumatatu, kisha hukosa siku tatu, na katika darasa la watu 60 kiti chake chaweza kukaa wazi muda mrefu kabla hajaulizwa.

Lakini palipo na kikundi cha watu wanne wanaosomeana kazi, kutokuwapo kwake huonekana siku ile ile. Wapo watatu wanaoingoja insha yake. Kompyuta haiwezi kumtoa mtoto shimoni, ila mwenzake aweza kumwambia mwalimu, na mwalimu akamwendea mzazi mapema.

Wajibu wa wazazi

Akina baba na akina mama, kazi hii ina sehemu yetu. Kwanza, mtoto akirudi na maoni ya wenzake, tusimwulize "nani amekukosoa?" Tumwulize "umerekebisha nini?" Pili, tusimwandikie kazi yake. Mzazi anayeandika insha ya mtoto amemnyima mtoto huyo nafasi ya kukosea mahali ambapo kosa halina gharama.

Tatu, tulinde usalama wao. Kwa kawaida mtoto aliye chini ya miaka 13 haruhusiwi kujifungulia mwenyewe akaunti ya Google. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazitaka taasisi zitunze kwa uangalifu taarifa za watu. Basi katika mkutano wa wazazi tuulize: nani ataziona kazi za watoto wetu? Je, kikundi ni cha darasa pekee, na mwalimu yumo ndani yake? Mtoto, hasa wa kike, asiandikiane faragha na mtu asiyejulikana kwa kisingizio cha masomo.

Mwisho, tuwaombe walimu kwamba alama wanazopeana wanafunzi zisiingizwe katika maendeleo yao ya mtihani wa taifa. Ziwe za kujifunzia. Hukumu ya mwisho ibaki kwa mwalimu aliyesomea kazi hiyo, naye tusimwone mkwepaji anapowaachia wanafunzi kalamu nyekundu kwa saa moja. Mtoto aliyezoea kuambiwa ukweli na rafiki yake, na kumwambia rafiki yake ukweli bila kumvunjia heshima, atakuja kuwa mfanyakazi ambaye wenzake wanaweza kumtegemea, akiwa karakana, ofisini au mgodini.