Nyumba kwenye ukingo wa jabali



Kijana mumoja alikuja na picha: nyumba nyeupe, dari zake zina dhahabu, zimeshikamana na jabali kama kiota cha mbayuwayu. Akaniuliza: «Pasta, hapa walijenga namna gani? Na Mukristo anaweza kuingia?»

Ile ni Paro Taktsang, katika Bhutan, inchi ndogo ya milima kati ya Uhindi na Uchina. Wabudha wa kule wanasema kwamba mwalimu wao, Guru Rinpoche, alifika hapo akipanda mugongo wa chui mwenye milia, akaomba katika pango. Nyumba zenyewe zilijengwa mwaka wa 1692, meta 900 hivi juu ya bonde. Motokari haifiki. Unapanda kwa miguu, masaa mawili ao zaidi, na mwisho kuna ngazi nyingi za mawe. Aprili 1998 moto uliteketeza jengo kubwa. Wakajenga tena, na kazi ilimalizika mwaka wa 2005.

Nilimwambia pia kwamba tangu Septemba 2023 wageni wengi wanalipa serikali dola 100 kwa kila usiku. Akacheka: «Basi picha inatosha!»

Lakini ulizo lake la pili halikuwa la kucheka. Mule ndani watu wanaomba. Unavua viatu, unaacha aparei ya picha mulangoni, unanyamaza. Kumuheshimu mwenye nyumba si kuinamia sanamu yake. Paulo, kule Atene, alizunguka akaangalia vizuri vitu vyao vya ibada mbele ya kufungua kinywa (Matendo 17). Sisi mara nyingi tunafungua kinywa kwanza.

Mimi kinachonigusa zaidi si Taktsang. Kwenye njia ya kutoka Thimphu kwenda Punakha, juu ya mulima wa Dochula, kuna chorten 108, ni kusema vijengo vidogo vya ukumbusho, vyeupe, vyenye mustari mwekundu. Vilijengwa kwa ajili ya askari waliokufa Desemba 2003, wakati Bhutan ilipofukuza waasi wa Assam waliojificha katika misitu yake ya kusini. Vita ilikuwa ya siku chache tu. Hata hivyo kila mutu anayepita njia ile anawaona.

Kijana akanyamaza. Kisha: «Na wetu, Pasta, wa hii miaka yote ya vita, walijengewa wapi?»

Tukabaki tunaangalia ile picha.